Mwaka Tuliofyeka Kibanja

Jirani yangu wa hapa Morogoro, mama mmoja mpenda bustani, alikata mgomba wa uani kwake asubuhi moja, kisha akalipitisha panga juu ya jiko la mkaa. Sijui nani alimfundisha. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta naanika nguo, na harufu ilinifikia kabla sijajua inatoka wapi: chuma cha moto na utomvu wa mgomba unaoungua. Ni harufu kali, yenye uchungu mbele na utamu wa kitu kilichooza nyuma yake. Nilikaa chini kwenye saruji, nguo mbichi zikiwa mapajani, na kwa muda mrefu sikuweza kuinuka. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wanaosoma sekondari, lakini harufu ile ilinirudisha Kamuli, kijijini kwetu, kwenye mwaka ambao sikumgusa mtu.

Wenzangu mliokulia Karagwe na Kyerwa hamhitaji kuelezwa kibanja ni nini. Kwa wengine niseme tu kwamba kwetu nyumba haikujengwa kando ya shamba. Ilijengwa ndani yake. Migomba ilituzunguka pande zote, mibuni ikajibanza chini yake, na ardhi ilifunikwa majani makavu yaliyolia chini ya miguu kama mtu anayekunja karatasi. Hata saa saba mchana uani kwetu palikuwa na kivuli. Mvua ilipokuja tuliisikia juu ya majani muda mrefu kabla ya tone la kwanza kutugusa. Sikuwa nimewahi kuona paa la jirani, ingawa tuliweza kuwasikia wakicheka jioni. Nilidhani dunia yote iko hivyo, kwamba watu wanasikika tu, hawaonekani mpaka watokeze mbele yako kwenye njia na kusema, "Hodi hapa."

Mama alianza kukohoa wakati tunachuma kahawa. Mwanzoni alikohoa kama mtu aliyepaliwa na vumbi, baadaye akawa anasimama katikati ya mibuni, mkono mmoja ameushikiza kwenye tawi, akingoja kifua kitulie. Alikuwa na kopo la majivu karibu na kitanda chake, na tulikatazwa kulisogelea. Mimi nililisogelea mara moja, kama mtoto yeyote angefanya, na niliona kilichokuwamo juu ya majivu: kitu kizito, cha rangi ya njano. Nililifunika nikaondoka.

Mdogo wangu Projestus, tuliyemwita Projo, alikuwa bado hajaanza kutambaa. Maziwa ya Mama yalikauka. Shangazi Paskazia, dada mkubwa wa baba, akaja kutoka Kibingo na begi lake moja, akaanza kumnywesha uji kwa kijiko. Siku ya pili ya kuja kwake, Mama alipelekwa hospitali, mbali, upande wa Karagwe. Alikaa juu ya pikipiki katikati ya dereva na Taata, baba yetu, amejifunika kanga hadi puani ingawa jua lilikuwa kali. Sikuruhusiwa kusogea. Aligeuza macho akanitafuta.

"Adventina," alisema, "mshike mdogo wako."

Basi. Pikipiki ikaondoka, na migomba ikawafunika kama kawaida yake, nikabaki nasikia mlio tu.

Niliitii amri ile kwa moyo wote. Nikitoka shule nilikuwa namfunga Projo mgongoni kwa kitenge na simshushi mpaka giza. Nilifanya kazi zote naye. Nilijua uzito wake unavyoongezeka akisinzia, na mahali kwenye shingo yangu ambapo alipenda kuweka mdomo wake. Shangazi alikuwa akiwaambia watu, "Huyu ndiye mama yake kwa sasa, mimi ni mpishi tu." Nilijivuna.

Halafu ukaja unyanjano, ugonjwa wa migomba.

Tuliusikia kwanza kama habari za watu wengine, huko ng'ambo ya vilima. Kisha jirani yetu wa bondeni aliona majani ya mgomba wake mmoja yakigeuka njano na kulegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Alipoukata, shina lilitoa ute mzito wa njano. Ndizi zake zilikuwa zimeiva kabla ya wakati, na ndani zilikuwa na weusi uliooza. Wiki hiyo hiyo Taata aliona wa kwetu. Alirudi uani, akanawa mikono, akanawa tena, akakaa kwenye benchi bila kujifuta.

Tuliitwa kwenye mkutano, wakubwa kwa wadogo, kwenye uwanja wa shule. Bwana shamba alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti nzuri ya kufundishia. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu kwa miezi mingi nilimwogopa kuliko shetani. Alisimama na panga mkononi, akaeleza kwa uvumilivu, akirudia kila jambo kwa Kinyambo kwa ajili ya wazee.

"Shina moja la mgomba ni familia," alisema. "Kuna mama, kuna binti, kuna mjukuu. Sasa nisikilizeni vizuri. Mama akishaugua, binti naye ameugua. Usidanganywe na ukijani wake. Utamwona mzima, anang'aa, kumbe ugonjwa umo ndani, unangoja."

Mzee mmoja aliuliza kwa heshima, "Waitu, dawa yake ni nini?"

"Dawa haipo, mzee wangu. Dawa ni kuwang'oa wote, mama na binti na mjukuu, na kuwazika. Na panga lililomgusa mgonjwa lisimguse mzima. Liunguzeni kwenye moto mpaka mkono usiweze kulishika. Likiungua limetakata. Hata mtu mwenyewe, ukitoka kwenye shamba la mgonjwa usiingie kwenye shamba la jirani."

Watu walinung'unika. Wengine waliuliza watoto watakula nini. Mimi sikusikia tena. Nilikuwa nimekaa kwenye nyasi na Projo mgongoni. Mama alikuwa anaugua. Alitoa kitu cha njano, nilikuwa nimekiona kwa macho yangu. Na mimi nilikuwa binti yake.

Mtoto ni mwanasheria mkali. Nilipitia maneno yale moja moja, kama mtu anayechambua maharage, kutafuta mlango wa kutokea. Kwangu sikuupata. Tulikuwa tumepelekwa zahanati baada ya Mama kuondoka, na muuguzi alinipima akasema, "Huyu ni mzima." Lakini si ndivyo alivyosema bwana shamba? Utamwona mzima, anang'aa. Kwa Projo niliupata mlango: bwana shamba alisema mama, binti na mjukuu. Hakutaja mtoto wa kiume. Projo alikuwa amepona. Alikuwa amepona, na mimi nilikuwa nimembeba mgongoni.

Nilifungua kitenge pale pale, katikati ya mkutano, nikamweka kwenye mapaja ya Shangazi. Alilia akininyooshea mikono. Nilikwenda kusimama peke yangu karibu na goli la mpira.

Tangu siku hiyo sikumgusa. Sikumgusa yeye wala mtu mwingine yeyote. Nilichukua sahani moja ya bati yenye kidoa cha bluu nikaifanya yangu, na nilikuwa naiosha mwenyewe, mbali na vyombo vingine. Kitanda tulicholala na Shangazi nilikihama. Nilitandika mkeka kwenye chumba cha kuhifadhia maharage, nikasema kitandani kuna joto. Projo alipoanza kutambaa alikuwa akinifuata sakafuni, anacheka, akidhani ninacheza naye, na mimi nilirudi nyuma, nikirudi nyuma mpaka ukutani, kisha natoka nje.

"Una nini wewe?" Shangazi aliniuliza. "Mtoto amekukosea nini?"

"Nimechoka."

"Umechoka! Mama yako alikwambiaje?"

Nilimsikia jioni akimwambia Taata jikoni, "Huyu mtoto ameingiwa na wivu. Anaona mdogo wake anapendwa. Muache, utampita." Nililia kwa kusikia vile, lakini nililia taratibu, kwenye mkono wangu mwenyewe. Ilikuwa afadhali wanione nina wivu. Wangejua ukweli wangefanya kama alivyosema bwana shamba.

Shuleni nilikuwa na rafiki, Jeneroza, mtoto wa yule jirani wa bondeni. Tulikuwa tukienda tumeshikana mikono. Nilianza kutoka nyumbani mapema ili nimtangulie. Alinikimbilia siku kadhaa, kisha akanuna, kisha akapata rafiki mwingine. Wakati wa kurudi nilikuwa nikiwaona mbele yangu njiani, vichwa vyao vimeinamiana, na nilipunguza mwendo. Niliwaza kwamba hivi ndivyo mtu anavyompenda mwenzake, kwa kukaa mbali naye.

Siku ya kufyeka ilikuja. Haikuwa hiari; serikali ya kijiji ilipita nyumba kwa nyumba, na aliyekataa aliambiwa ataitwa kwenye kata. Taata alianza na mashina yaliyougua, lakini kila akikata aliona ute kwenye shina linalofuata, hadi akaona hakuna cha kuchagua. Majirani wawili walikuja kumsaidia. Moto uliwashwa uani, na kila walipomaliza shina walirudi kuunguza mapanga. Utomvu ulichemka kwenye chuma, ukatoa ile harufu. Kuanguka kwa mgomba hakuna kishindo kama cha mti. Unaanguka kama mtu aliyekata tamaa, kwa kuketi kwanza.

Mmoja wa wale majirani alisimama mbele ya chipukizi lililokuwa limefika kiunoni kwangu, bichi kabisa.

"Na huyu?" aliuliza.

"Mama yake nimemkata sasa hivi," alisema Taata. "Mtoe."

Lilitoka kwa jembe mara moja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango wa jikoni, nimejishika mabega.

Jioni ile niliona kwa mara ya kwanza tunapoishi. Niliona paa la kina Jeneroza, lilikuwa na kutu. Niliona barabara, na watu waliopita barabarani wakatuona sisi, wakageuza nyuso kwa adabu, kama mtu aliyefungua mlango akakuta wenzake wanavaa. Vilima vilikuwa vingi na vyote vilikuwa vitupu kama chetu. Mibuni ilibaki imesimama juani, majani yake yakajikunja. Taata aliketi kwenye benchi akitazama mahali ambapo babu yangu alipanda, na babu yake babu kabla yake, na nilitamani kwenda kukaa karibu naye. Nilikaa kwenye kizingiti.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya njaa, ingawa si ile njaa ya kufa. Ilikuwa njaa ya kula kitu ambacho hakikuwa chakula. Kwetu mtu aliyekula ugali alisema bado hajala. Sasa tulikula ugali wa mahindi ya kununua, na mihogo, na Taata alipanda maharage na viazi kwenye ardhi ambayo haikuwa imezoea jua. Lakini kilichonikaa zaidi si tumbo. Ni jinsi watu walivyoacha kutembeleana. Zamani mtu hakwenda kwa mwenzake mikono mitupu; alibeba mkungu, au kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. Sasa hapakuwa na mkungu wa kubeba wala ndizi za kukamulia rubisi, na aibu ikawaweka watu nyumbani. Hata kuazimana panga kuliisha. Ukiomba, mtu alikuuliza, "Umeliunguza?" na urafiki ukapungua kidogo. Nilidhani wote wanaugua kama mimi, kwamba kijiji kizima kinajikataza kugusana. Nadhani hapo sikukosea sana.

Habari za Mama zilikuja kwa simu ya Taata. Alitoka hospitali, lakini hakuja nyumbani. Alikaa kwa dada yake huko Kanoni ili awe karibu na kituo cha afya alikochukua dawa. Taata alimwendea mara kwa mara na kurudi amechoka. "Anaendelea vizuri," alisema. Niliyapima maneno yale. Bwana shamba alisema dawa haipo. Basi Taata alikuwa akitudanganya, kama wakubwa wanavyodanganya watoto juu ya watu wanaokufa.

Siku moja Shangazi alikwenda mashineni kusaga mahindi akaniachia Projo. "Kaa naye tu," alisema kwa ukali. "Sikuambii umbebe, maana najua hutaki. Mtazame asianguke." Taata alikuwa kwenye kazi ya kijiji ya kutengeneza barabara.

Mvua ilinyesha. Haikuwa mvua ya zamani iliyogonga majani. Ilianguka moja kwa moja juu ya bati, na Projo, ambaye hakuizoea sauti ile, akashtuka na kulia. Nilisimama mlangoni nikamwimbia. Akaja akitambaa kwangu, nikarudi nyuma. Akaketi akalia zaidi, mpaka sauti ikaanza kukwama na uso ukabadilika rangi. Niliusogeza mwiko kwa mguu ili auchezee. Akautupa. Mvua haikukoma, Shangazi hakurudi, na kilio kile kilikuwa kimeacha kuwa cha hasira. Kilikuwa cha mtoto aliyeona kwamba hakuna mtu.

*Mshike mdogo wako.*

Nilikwenda jikoni. Makaa yalikuwa bado yana moto chini ya majivu. Niliyafukua, nikapuliza mpaka mafiga yakawa hayashikiki. Likiungua limetakata. Sikuwa na panga la kuunguza. Kilichokuwa kimeugua ni mikono yangu. Niliweka kiganja cha kulia juu ya figa, kisha cha kushoto. Sitaeleza zaidi. Nilipiga kelele mara moja, lakini mvua ilikuwa kubwa kuliko mimi.

Kisha nikarudi nikambeba.

Shangazi alitukuta hivyo, nimekaa sakafuni nimeegemea ukuta, Projo amelala kifuani kwangu, pua yake kwenye lile eneo la shingo alilolipenda. Nilikuwa nimemkumbatia kwa viwiko. Alianza kunikaripia kwa kutowasha taa, halafu akaona mikono. Unga ulimtoka begani ukamwagika kwenye maji mlangoni.

"Yesu wangu. Adventina, nani amekufanya hivi?"

"Sasa ni safi," nilimwambia. "Sasa naweza kumshika."

Zahanati walinisafisha na kunifunga bendeji nyeupe hadi kwenye vifundo. Muuguzi aliniuliza kwa upole, Taata akiwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi, matope ya barabara miguuni. Mambo yalitoka yote: mama, binti, mjukuu, kitu cha njano, sahani yenye kidoa cha bluu. Muuguzi alianza kunieleza kwamba mtu si mgomba, kwamba kifua kikuu kina dawa, na nikamwitikia kila neno, "Ndiyo, ndiyo." Sikuamini hata moja. Taata alilijua hilo. Sijui alilijuaje, hakuwa mtu wa kuongea nami. Alitoka nje, akakaa huko kitambo, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Kesho nakupeleka kwa mama yako," alisema.

Tulikwenda kwa pikipiki, mimi nimekaa katikati, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi mwili wangu kuegemea mwili wa mtu. Nilijikaza nisimguse mgongoni dereva. Taata nyuma yangu alinizungushia mkono mmoja akauacha hapo, mzito, safari nzima.

Kanoni walikuwa bado na migomba. Sikuwa nimewaza hilo. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa ndani kabisa ya kibanja chake, na njia ya kuingilia ilipita chini ya majani mabichi, mapana, yasiyo na hata alama. Taata alitangulia. Mimi nilisimama barabarani.

"Njoo," alisema.

"Siwezi kuingia. Wa kwao ni wazima."

Alinitazama, akatazama migomba, akaelewa. Hakunivuta. Aliingia peke yake, na majani yakamfunika, nikabaki nimesimama juani na mikono yangu myeupe mbele yangu kama vitu vya mtu mwingine.

Mama ndiye aliyetoka. Alikuwa amekonda, gauni lilimpwaya, lakini alikuwa akitembea kwa miguu yake, haraka kuliko nilivyomkumbuka. Nilirudi nyuma hatua kadhaa. Naye akasimama.

"Hunisalimii?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Baba yako ananiambia mambo." Alitazama bendeji zangu. "Ananiambia unaogopa kuua migomba ya mama yako mdogo."

"Bwana shamba alisema. Mama akiugua, binti naye ameugua. Alisema dawa haipo."

"Alisema hivyo?"

"Alisema mnatolewa wote. Mnazikwa."

Alifunika mdomo. Nilidhani anakohoa, nikasubiri ile sauti, haikuja. Alikuwa akicheka, na machozi yalikuwa yanamtoka juu ya kicheko, na alipiga magoti hapo barabarani kwenye vumbi.

"Mwanangu," alisema, "yule alikuwa anasema habari za migomba. Mgomba hauendi hospitali. Mgomba ukiugua unasimama palepale unangoja panga, kwa kuwa hauna miguu wala mtu wa kuuhurumia. Mimi nilipandishwa pikipiki. Nimepewa dawa, nazimeza kila siku ya Mungu, chungu kama nini. Sikiliza." Alivuta pumzi ndefu, akaishika, akaiachia. "Umesikia kifua kinalia?"

Hakikulia.

"Basi njoo. Kama hutaki kuingia, tutakaa hapa hapa barabarani, watu watushangae."

Tulikaa barabarani. Aliichukua mikono yangu akaiweka mapajani mwake, na aliigusa juu ya bendeji kwa ncha za vidole. Mtu mmoja alipita na baiskeli, akatusalimu, akashuka, akauliza kama kuna msiba.

"Hakuna," alisema Mama. "Namwona mtoto wangu."

Siku ile nilirudi nyumbani bila yeye, kwa sababu dawa zilikuwa hazijaisha. Ningependa kusema kwamba upweke uliisha pale barabarani, lakini mambo hayaendi hivyo. Mwili unajifunza polepole na kusahau polepole zaidi. Jeneroza hakurudi kuwa rafiki yangu. Tulisalimiana tu, na baadaye familia yao ikauza eneo wakahama. Mpaka leo watu wangu wa karibu huniambia kwamba nikikumbatiwa nasimama kama nguzo. Kumbe nasubiri kusikia kama ninaruhusiwa. Lakini Projo nilimbeba. Nilimbeba hata vidonda havijafunga, kwa viwiko, kisha kwa mikono yenye makovu, na alipoanza kutembea alijifunza kwa kushika sketi yangu.

Mama alirudi wakati mibuni imetoa maua, michache iliyobaki. Taata alikuwa ameshapanda machipukizi machache safi waliyogawiwa kijijini, kila moja limezungushiwa nyasi, mafupi na yenye kuachana kama watu wasiofahamiana. Tulimwona Mama tangu akiwa mbali barabarani, maana sasa kila kitu kilionekana. Yeye naye aliona. Alisimama penye mlango wa kibanja ambao haukuwa tena mlango wa kitu chochote, mfuko mkononi, akageuza kichwa huku na huku. Alikuwa ameambiwa, lakini kuambiwa si kuona. Shangazi alipiga vigelegele, vikapaa vikaenda mbali sana, bila majani ya kuvizuia.

Kisha Mama akaweka mfuko chini, akachuchumaa, akanyoosha mikono.

"Projo wangu. Njoo kwa mama."

Projo alimtazama, akajificha nyuma yangu. Mama alisogea. Projo alipiga ukelele, akanikumbatia mguu kwa nguvu zote, akaficha uso.

"Huyu ni mama," Shangazi alimwambia. "Ni mama, wewe mjinga!"

"Msimlazimishe," alisema Mama. Alikuwa anatabasamu, lakini mikono yake ilibaki imenyooka mbele, mitupu, kana kwamba hajui pa kuiweka. Niliijua mikono ile. Hakuna mtu pale uani aliyeijua kuliko mimi.

Nilimwinua Projo. Nilimwambia Mama ageuke ainame, naye akatii, bila kuuliza. Nilimweka mgongoni kwake, nikafunga kitenge kwa fundo nililolifunga kila siku, huku Projo akilia na kunipiga usoni. Nilisimama nyuma yao, mahali ambapo angeweza kuniona juu ya bega la Mama.

"Tembea," nikamwambia.

Mama alitembea. Alizunguka nyumba, akapita kati ya maharage, akapita kwenye machipukizi, na mimi nilimfuata kwa nyuma, uso kwa uso na Projo. Alinililia, akanikodolea macho, akalalamika, akanikodolea tena. Hakuondoa macho kwangu. Tulizunguka kibanja kile kitupu mbele ya kijiji kizima, watu wakitutazama kutoka kwenye nyua zao, na hakuna aliyegeuza uso. Kichwa cha Projo kikaanza kulegea, shavu likatua mgongoni kwa Mama, likainuka, likatua tena, likabaki hapo.

"Amelala?" Mama aliuliza bila kugeuka.

"Amelala."

Alisimama, akanyoosha mkono kando yake.

"Basi toka huko nyuma," alisema. "Njoo tutembee wote."